Jinsi ya kupata vitabu, notisi na mazoezi ya fizikia yanayofaa ukiwa sekondari, hasa kwa walioko Arusha na Moshi

Jumamosi moja mtoto wa dada yangu, yuko fomu tri, alikuja kwangu Sakina na pamfleti ya fizikia aliyonunua kwenye steshenari moja mjini, imetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia, akaniambia shikamoo ma'mdogo, naomba uniangalizie hili swali maana mi nimepata tofauti na wao. Swali lenyewe dogo tu: kipande cha chuma kina gramu 200, ujazo wake sentimita za ujazo 25, tafuta densiti kwa kilo kwa mita ya ujazo. Pamfleti imegawa 200 kwa 25 ikapata 8, ikaandika kilo 8 kwa mita ya ujazo na kupiga mistari miwili chini. Yeye alipata 8000, na alishachukua ufutio anataka kufuta ya kwake.

Nikamwambia acha kwanza, njoo jikoni. Nikamuonyesha ndoo ya lita 20, nikamuuliza hii tukiijaza chuma mpaka juu itakuwa kilo ngapi kwa hesabu ya pamfleti? Lita 20 ni mita ya ujazo 0.02, zidisha kwa 8 unapata 0.16, yaani gramu 160. Ndoo nzima ya chuma iwe nyepesi kuliko kikombe cha chai! Kwa hesabu yake yeye inatoka kilo 160, ndoo ambayo hata wabeba mizigo wa soko la Kilombero wataishika wawili na bado watahema. Hapo akaelewa mwenyewe kwamba aliyeandika pamfleti alisahau kubadilisha gramu kuwa kilo na sentimita kuwa mita, na wenzake darasani walishaikariri ile 8 hivyohivyo.

Ndo maana naandika hii. Vitu vya kusomea fizikia siku hizi vipo vingi mno, steshenari, Wasap, Telegramu, kila kona, ila mwanafunzi hana mtu wa kumwambia kipi kishike na kipi kiache, na mzazi ndo kabisa anatoa hela tu akiamini kila kilichoandikwa fizikia ni fizikia. Kwa hiyo kabla sijasema wapi pa kupata, kamata hiki kwanza: karatasi yoyote ya fizikia ipime kwa swali moja ambalo unaweza kulihakiki mwenyewe. Angalia kama yuniti zipo mwanzo mpaka mwisho, angalia kama hatua zimeonyeshwa au jibu limeangukia tu kutoka juu, alafu jiulize kama jibu linaingia akilini kwenye maisha ya kawaida. Ikifeli hapo irudishe au weka pembeni, hata kama umeshailipia.

Anza na silabasi, sio na notisi

Wengi wanaruka hapa. Silabasi ni kile kijitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania kinachosema mada gani zinafundishwa kidato gani na mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini. Mwalimu wako anayo, muombe akuruhusu upige picha kurasa za kidato chako tu. Hii ina umuhimu zaidi sasa hivi kwa sababu mtaala mpya wa 2023 unaingia kwa awamu, hivyo nyumba moja inaweza kuwa na dada na mdogo wake wanaosoma kwa silabasi mbili tofauti, na notisi za dada zisimfae mdogo kwa baadhi ya mada. Ukiwa na orodha ya mada mkononi hutauziwa kitu usichokihitaji.

Kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu ndo cha pili. Kama shule yenu mnagawana kitabu kimoja watu watano, Taasisi wana Maktaba Mtandao, unajisajili unasoma bure kwenye simu au kompyuta. Kama simu hamna nyumbani basi nenda maktaba ya mkoa, Arusha ipo na Moshi ipo, tena pale pana utulivu ambao nyumbani kwetu wengi hatuna, hasa ukiwa unaishi vyumba viwili na wadogo wanne. Nenda na daftari, mada moja, na maswali yake ya mwisho wa sura. Usiende kunakili kitabu kizima, watoto wanapoteza saa nzima kunakili sura ya mwanga alafu wanarudi hawajasolvu hata swali moja.

Pasti pepa, na ile ripoti ambayo hamna anayeisoma

Pasti pepa kila mtu anazijua. Za Baraza la Mitihani unazipata kwenye tovuti ya Baraza lenyewe, na kuna maktaba ya mtandaoni ya TETEA ambayo imekusanya mitihani ya miaka mingi kwa somo na kwa kidato, bure kabisa. Fizikia ya fomu foo namba yake ni 031, ya fomu siksi 131, ukiijua hiyo namba unatafuta haraka. Kwenye mitihani ya fomu foo ya miaka ya karibuni karatasi ya kwanza ni ya saa 3, sehemu A alama 16, B alama 54, C alama 30, na ukurasa wa mbele wanakupa vitu kama g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 10. Angalia hilo vizuri maana litakuja kukusumbua mbele, ntaeleza.

Sasa kitu ambacho kinaniuma ni hiki. Baraza hilohilo kila mwaka baada ya matokeo wanatoa ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ipo kwenye tovuti yao, bure. Humo wanachukua swali moja moja, wanasema lilikuwa linapima nini, watahiniwa wangapi kwa asilimia walifanya vizuri, waliokosa walikosea wapi, na wanaweka kabisa picha ya jibu la mwanafunzi aliyepata na picha ya jibu la aliyekosa, kwa mwandiko wa mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Yaani msahihishaji anakaa na wewe anakuonyesha anachotaka! Na watu wanatoa hela kununua pamfleti za majibu ambazo hamna anayejua nani aliziandika.

Namna ya kuitumia: chukua pepa la mwaka huo, funga ripoti, weka saa, solvu kwa peni kwenye karatasi kama uko kwenye mtihani. Ukimaliza ndo ufungue ripoti, nenda swali kwa swali, na pale ulipokosa usiandike jibu sahihi tu, andika sababu kwa maneno yako. "Nilisahau kubadili sentimita." "Nilichora mshale wa kani upande usio wake." "Sikuelewa wanachouliza." Baada ya pepa tatu nne utaona sababu yako ni moja au mbili zinazojirudia, na hizo ndo za kufanyia kazi, sio mada zote 30. Mtoto wa dada yangu sababu yake kubwa ilikuwa yuniti, alafu ya pili lugha.

Jihadhari na mtu wa Wasap anayesema ana pepa limevuja. Usitume hela. Kwanza wengi ni matapeli, na lingekuwa la kweli matokeo yako yangefutwa.

Lugha, hapa ndo penye mzigo

Hili linanigusa kuliko yote. Mtoto kasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, anaingia fomu wani anakutana na fizikia kwa Kiingereza, anaonekana hajui fizikia kumbe hajui swali limesema nini. Dawa ninayoijua ni daftari dogo la maneno, lakini usiandike tafsiri ya neno kwa neno ukaishia hapo, andika na sentensi ya maisha yako.

Chukua neno uzito. Sokoni Mbuyuni mama anakuambia nyanya hizi uzito wake kilo 2, na sote tunaelewana, hamna kosa. Ila kwenye fizikia zile kilo 2 ni tungamo, wengine wanasema masi, na uzito ni kani ambayo dunia inazivuta hizo nyanya, inapimwa kwa nyutoni, kwa g ya 10 ni nyutoni 20. Ukizipeleka zile nyanya mwezini tungamo inabaki kilo 2 ileile, uzito unashuka mpaka karibu sehemu moja ya sita. Mtoto akiandika kwenye daftari lake "uzito, weight, nyutoni, sio kilo ya mama muuza nyanya" hatasahau tena.

Au neno kazi. Mtu kasukuma ukuta saa nzima jasho linamtoka, kwetu sisi kafanya kazi, mpe pole na maji ya kunywa. Kwenye fizikia hajaufanyia ukuta kazi yoyote, kwa sababu ukuta haujasogea, na kazi ni kani zidisha umbali kuelekea upande wa kani. Maneno kama kani, nishati, kanieneo, mchapuko, mwendokasi, msuguano yote yana maana moja tu iliyokazwa, ndo maana ukiyachukulia kama ya mtaani unapotea.

Alafu kuna vitenzi vya mtihani. "State" maana yake taja, sentensi moja inatosha. "Explain" anataka kwa nini. "Account for" pia anataka sababu, na wengi hapo wanaandika kuhusu akaunti wanachanganyikiwa kabisa. Pitia pepa tatu, kusanya hivi vitenzi vyote, hata 15 havifiki, mwombe mwalimu wa Kiingereza awaelekeze dakika 20. Kwa muda huo mfupi unaweza kuokoa alama nyingi kuliko kwa wiki nzima ya kukariri.

Mtandaoni bila kumaliza bando

Simu ya mzazi ukiipata saa moja tu jioni inatosha ukijua unachofuata. Mimi ningekuambia uanze na PhET, ni mazoezi ya kuchezea kwenye skrini yaliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman ambaye mwaka mmoja kabla alipata tuzo ya Nobel ya fizikia. Hamna malipo, mengine yametafsiriwa Kiswahili, na mengi unaweza kuyadaunlodi ukayatumia baadaye bila intaneti. Fungua lile la saketi za umeme. Weka betri moja na taa mbili kwa mfululizo, utaona zinafifia, toa moja nyingine inazima. Zipange sambamba, kila moja inawaka vizuri, toa moja nyingine haijali. Alafu angalia nyumbani kwenu, ukizima taa ya chumbani mbona redio ya sebuleni haizimi? Mtoto akishaiona hiyo hata hesabu za rezista zinaacha kuwa uchawi.

Khan Academy ina video na mazoezi bure, kwa Kiingereza. Vitabu vya Siyavula vya Afrika Kusini pia ni bure na vina mazoezi mengi kwelikweli, Kiingereza chake chepesi. Shule Direct ni ya hapa nyumbani na notisi zake zinafuata silabasi yetu. Na ukikuta pasti pepa za Kenya usizidharau, sie tuko karibu na Namanga vitabu vyao vinatufikia, maswali yao ya fizikia ni mazuri kwa kujinoa, ila linganisha na silabasi yako maana mada hazifanani zote.

Sasa ile g niliyosema. Vitabu vingi vya nje vinatumia 9.8, Baraza wanakupa 10. Kilo 5 kwa wao uzito ni nyutoni 49, kwetu 50. Watoto wanaona jibu halilingani wanadhani wamekosea wanaanza upya mara tatu. Hujakosea. Tumia namba uliyopewa kwenye swali.

Video ukiangalia, iangalie na peni mkononi. Mwalimu akiandika swali, simamisha, solvu mwenyewe, ndo uendelee. Kuangalia mtu anasolvu kunakupa raha ya kuelewa ambayo kesho yake huioni. Kwa walioko bweni ambako simu haziruhusiwi, mzazi adaunlodi ripoti na pepa, aende steshenari atoe kurasa zinazohitajika tu, mbele na nyuma, apeleke siku ya kutembelea.

Maabara ya nyumbani

Shule nyingi vifaa ni vichache na praktiko mnafanya watu 10 kwenye meza moja, mmoja anashika wengine wanatazama mgongo wake. Lakini praktiko ya pendulamu unaweza kuifanya nyumbani kwa uzi, nati ya baiskeli na saa ya simu. Funga uzi kwenye msumari juu ya mlango, pima mita 1 kutoka msumarini mpaka katikati ya nati, ivute pembeni kidogo tu, iachie, hesabu mizunguko 20, kwenda na kurudi ndo moja. Utapata karibu sekunde 40. Punguza uzi uwe sentimita 50, utapata kama 28. Sentimita 25, kama 20. Hebu angalia hapo: urefu umepungua mara nne, muda umepungua mara mbili tu. Ndo maana kwenye praktiko wanakuambia uchore grafu ya muda wa mzunguko mmoja kipeo cha pili dhidi ya urefu, ndo unapata mstari ulionyooka, na kutoka kwenye mteremko wake unapata g. Mtoto wa dada yangu aliifanya mlangoni kwangu kwa uzi wa sentimita 25 tu, bila grafu, akapata 9.6, akaniuliza kwa nini sio 10, nikamwambia pima uzi upya. Alikuwa amepima mpaka juu ya nati badala ya katikati yake. Akarekebisha, ikasogea mpaka 9.8.

Kani ipime kwa chupa ya maji, mililita 100 za maji ni gramu 100, karibu nyutoni 1, hivyo una mizani ya kuongeza kidogo kidogo. Ukitumia mpira wa manati kwa sheria ya Hooke, ile inayosema springi inarefuka kulingana na kani inayoivuta, utaona grafu inapinda, ni sawa, mpira hauifuati hiyo sheria kama springi inavyoifuata, na kujua hivyo nako ni fizikia.

Alafu tuna bahati ya mahali tulipo. Arusha mjini tuko kama mita 1400 juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko Dar, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, ndo maana maharage na makande huku yanakaa sana jikoni. Kileleni Kilimanjaro, mita 5895, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 80 tu, muulize mpagazi yeyote aliyewahi kupika kambi za juu atakuambia habari za wali usioiva. Moshi mna bwawa la Nyumba ya Mungu linalozalisha megawati 8, maji yaliyokaa juu yanashuka yanazungusha mtambo, nishati ya kukaa inageuka ya mwendo alafu umeme. Na gereji yoyote nenda uombe kuona jeki ya haidroliki, fundi anasukuma mkono mmoja gari linanyanyuka, swali la Pascal hilo, la kanieneo kusambaa sawa ndani ya kimiminika, liko mbele yako. Salimia vizuri, eleza unasoma, mafundi wetu wanapenda sana mtoto anayeuliza.

Watu

Twisheni sio lazima, lakini ukienda, kaa kipindi kimoja kwanza uangalie: mwalimu anawapa nafasi ya kusolvu au anaandika ubaoni nyie mnanakili? Kama mnanakili tu, kitabu kinatosha. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Mwenge kinachoandaa walimu wa sayansi, wanafunzi wao wakija shuleni kwenu mafunzo ya vitendo wabane kwa maswali, wengi bado wana moto. Diskasheni iwe ya watu watatu wanne, kila mmoja aje na swali alilolishindwa, aliyeelewa aeleze kwa Kiswahili kwanza alafu mrudie wote kwa Kiingereza cha mtihani.

Kwa fomu faivu na siksi mambo ni yaleyale, ila huko kitabu kimoja hakitoshi na kile cha Nelkon na Parker bado ndo rafiki wa watu wa PCM na PCB, yaani wanaosoma fizikia na kemia pamoja na hisabati au baiolojia, kikikushinda mahali soma mada hiyohiyo kwenye kitabu cha OpenStax cha Chuo Kikuu cha Rice, bure mtandaoni, kinaeleza polepole zaidi.

Na wewe unayesoma hii na una mtoto wa kidato cha pili au cha tatu nyumbani, Jumamosi hii mchukue mkae naye saa 2: saa ya kwanza pepa moja sehemu B, saa ya pili ripoti ya mwaka uleule, wewe huhitaji kujua fizikia, soma tu kwa sauti walichoandika wasahihishaji na umuulize "ya kwako iko hivyo?" Uzi na nati viwe tayari karibu na mlango.